Asasi za Tanga ziache kununua maandiko ya ruzuku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie hoja ya msomaji mwenzangu wa hapa Tanga, ambaye majuma mawili yaliyopita aliandika kwamba asasi ndogo za mikoani zinakufa kwa sababu Wamarekani wameondoa fedha zao. Uchungu wake naufahamu, na alilolisema lina ukweli. Amri ya kusimamisha misaada ilitiwa saini Januari 20, 2025. Ilipofika Machi 10 serikali ya Marekani ikatangaza kwamba imefuta asilimia 83 ya programu za USAID, shirika lake la misaada ya nje, na Julai 1 mwaka huo huo shirika hilo likakoma rasmi kuendesha misaada. Vijana tunaowajua kwa majina, waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuwafuatilia wagonjwa walioacha dawa, walijikuta hawana kazi, na wagonjwa wao wakabaki bila wa kuwabishia hodi.

Hata hivyo, asasi nyingi ninazozifahamu mimi, kuanzia Makorora mpaka Mwang'ombe na vijiji vya pwani ya Mkinga, hazikuwahi kugusa hata senti moja ya fedha hizo, na zilikuwa zimekwama miaka mingi kabla ya amri hiyo. Nimekuwa mweka hazina wa kujitolea wa asasi moja ya namna hiyo kwa miaka tisa, tangu nilipostaafu ukarani wa hesabu katika shamba la mkonge, na kwa niliyoyaona ninaamini kwamba kinachozikwamisha zaidi ni desturi ya kumkabidhi mtu wa nje kazi ya kuandika andiko la mradi, yaani maombi ya ruzuku, kwa malipo ya awali na ahadi ya sehemu ya ruzuku ikipatikana. Andiko hununuliwa kama nguo ya mtumba, pasipo mnunuzi kujua lilishonwa kwa kipimo cha nani.

Nieleze yaliyotukuta sisi wenyewe. Asasi yetu inafanya kazi na wanawake wanaolima mwani. Mwaka 2019 tulipata habari kwamba mfadhili mmoja ametoa tangazo la ruzuku kwa shughuli za kiuchumi za wanawake wa pwani, zikiwa zimebaki siku kumi na nane tu kabla ya kufungwa kwa maombi. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuandika andiko kwa lugha hiyo. Tukaelekezwa kwa bwana mmoja aliyesifika kwa kazi hiyo, naye akataka shilingi 600,000 za kuanzia, na asilimia kumi ya ruzuku itakapoingia. Tukachanga. Wanachama walikuwa 38, na kwa bei ya wakati ule kilo moja ya mwani mkavu wa aina wanayoilima haikufika shilingi elfu moja, kwa hiyo msomaji anaweza kujipigia mwenyewe hesabu ya mizigo mibichi iliyobebwa kichwani kutoka kwenye maji ya magoti hadi kwenye chanja za kuanikia ili fedha hiyo itimie.

Andiko lilitufikia siku ya mwisho, saa tisa alasiri, likiwa na kurasa 34 na majedwali ya rangi. Mwenyekiti alitia saini, likatumwa, nasi tukarudi majumbani tukiwa na matumaini. Usiku nilikaa na nakala yangu, kamusi ikiwa pembeni, nikaanza kuisoma mstari kwa mstari kama nilivyozoea kusoma leja. Katika ukurasa wa 11 nikakuta kwamba wanawake wetu wanaanika mazao yao kwenye mialo ya ziwa. Nilidhani Kiingereza changu kimenipotosha, nikafungua kamusi tena. Ukurasa wa 19 ulieleza msimu wa dagaa na uchakavu wa taa za karabai, na katika bajeti palikuwa na shilingi milioni tatu na nusu za kununulia mbegu za alizeti. Jina la asasi yetu lilikuwa limeandikwa vizuri kila mahali isipokuwa mahali pawili, ambapo lilibaki jina la kikundi kingine ambacho mpaka leo sikijui kiko wapi.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, kwa mistari mitatu, na halikuwa na la kulalamikia. Sisi ndio tuliotia saini.

Shilingi laki sita ziliwauma wanachama, lakini mimi kama mtu wa hesabu niliumizwa zaidi na ile asilimia kumi. Tuseme ruzuku ingetoka, na ingekuwa shilingi milioni thelathini. Milioni tatu za bwana yule zingeandikwa katika kifungu gani cha bajeti? Sijakutana na mfadhili ambaye bajeti yake ina kifungu cha kumlipa aliyeandika ombi, na wengi wao husema wazi katika mwongozo kwamba gharama zilizotangulia mkataba hazitambuliwi. Kwa hiyo mweka hazina atalazimika kuzipata milioni tatu hizo mahali penye stakabadhi. Semina iliyofanyika siku tatu itaandikwa kuwa ilikuwa ya siku tano. Washiriki ishirini watakuwa thelathini na watano, na saini zao zitapatikana. Lita za petroli ya boti zitaongezeka katika mwezi ambao boti ilikuwa juu ya mchanga ikisubiri fundi. Asasi ambayo haijafunga hata kamba moja ya mwani inakuwa tayari na faili la hati za kughushi, na nimewaona watu waadilifu, wanaoogopa haki ya mtu, wakiingia katika shimo hilo bila nia ya kuiba hata shilingi, kwa sababu tu deni lilikubaliwa kabla bajeti haijaandikwa. Mkaguzi anapokuja na kuuliza, mfadhili huyo amekwenda, na wafadhili huulizana.

Tulikaa mwaka mzima bila kuomba chochote. Katika mwaka huo tulifanya jambo moja ambalo wakati ule halikuonekana kuwa linahusu ruzuku. Mama mmoja wa kikundi, aliyeishia darasa la saba, alipewa daftari la mistari na mzani wa ndoano, akaombwa aandike habari za kila kamba ya kufungia mwani: siku ilipofungwa, idadi ya mbegu, maji ya bamvua (yanayojaa na kupwa sana) yalipoanza, siku ya kuvuna, uzito mbichi, uzito mkavu. Aliandika bila kukosa. Palipotokea hasara aliandika hasara. Nami kwa upande wangu nilianza kuweka hati ya malipo kwa kila shilingi iliyotoka, yenye saini mbili, na kuambatanisha stakabadhi hata ya nauli ya bodaboda, na pale ambapo mwenye ngalawa hana kitabu cha stakabadhi tulitengeneza fomu ya kukiri malipo, akaweka dole gumba mbele ya shahidi.

Tangazo lingine lilipotoka, safari hii la mfuko mmoja wa hapa nchini unaopokea maandiko ya Kiswahili, tulikaa siku nne chini ya mwembe tukaandika wenyewe. Lilikuwa na kurasa tisa. Halikuwa na maneno makubwa, na mahali pa kueleza tatizo tuliweka jedwali lililonakiliwa kutoka kwenye daftari la yule mama. Baada ya miezi mitatu afisa wa mfuko alikuja kututembelea. Sikutarajia alivyoanza. Hakuuliza habari za mradi. Alichukua faili la malipo, akafungua katikati, akaweka kidole kwenye stakabadhi ya Aprili ya shilingi 18,000 za kukodi ngalawa, akasema, "Nionyesheni hati yake, na kikao kilichoidhinisha." Tulimwonyesha vyote viwili. Akachagua nyingine, na nyingine tena. Kisha akageukia daftari la mwani na kuuliza kwa nini uzito wa Februari umeshuka kiasi kile. Mimi nisingeweza kumjibu. Yule mama alimweleza kwamba kipindi cha upepo wa kaskazi maji hupata joto, mwani huanza kuwa mweupe kwenye vishina na kukatika ukaelea, na kwamba kamba zilizofungwa upande wa mkondo, kwenye maji marefu kidogo, hazikuathirika sana, ila huko hawafiki kwa miguu. Afisa aliacha kuandika akamsikiliza. Mradi wetu ukawa huo: kuhamishia sehemu ya kamba kwenye maji marefu, na kununua chombo cha kuwafikisha huko. Tulipata shilingi milioni kumi na nne, na hapakuwa na mtu wa nje wa kugawana naye.

Ndiyo maana siamini ninapoambiwa kwamba asasi zetu hazipati ruzuku kwa kukosa wataalamu wa kuandika. Aliyekuwa mtaalamu katika kikao kile ni mwenye daftari. Bwana wa kurasa 34 asingeweza kuijua habari ya vishina vyeupe, kwa kuwa hakuwahi kuteremka majini.

Wapo watakaosema kwamba kuandika si tatizo, tatizo ni kujua fedha ziko wapi. Hili nalikubali, na naomba nilieleze kwa kirefu, kwa sababu madalali hujipatia riziki hasa kutokana na watu kutojua mambo ambayo yametangazwa hadharani. Kila mfuko una jambo unalolipia na jambo usiloligusa, na mwenye kusoma mwongozo anapaswa kuanza na yale yasiyolipiwa. Ubalozi wa Japani una mpango wa ruzuku za ngazi ya chini ambao Japani iliuanzisha mwaka 1989. Fedha zake huelekezwa kwenye majengo na vifaa, kama vile madarasa, visima na zahanati, na hazilipi mishahara wala gharama za kuendesha ofisi. Asasi inayotaka kulipa walimu wa kujitolea itapoteza muda wake huko, lakini yenye kiwanja chenye hati na shule isiyo na vyoo imefika mahali pake. Kanada ina mfuko wa miradi midogo ya wenyeji unaotangazwa kila mwaka kupitia balozi zake, wenye ruzuku ambazo kwa wastani huwa makumi ya maelfu ya dola za Kanada, na maombi hupokelewa kwa Kiingereza au Kifaransa. Umoja wa Ulaya hutoa ruzuku kubwa ambazo asasi yenye akaunti ya milioni tano haiwezi kuzibeba, na pia huitaka asasi ichangie sehemu ya gharama. Mlango wa mdogo huko ni kuingia kama mshirika wa asasi kubwa, au kusubiri asasi kubwa iliyopewa fedha itangaze ruzuku ndogo kwa wengine, ambazo kwa kawaida haziruhusiwi kuzidi euro 60,000 kwa kila mpokeaji.

Kwa sisi wa mkoa huu wenye bahari upande mmoja na milima upande mwingine, kuna mifuko ya mazingira ambayo inashangaza kuona asasi zetu zikiipita. Programu ya Ruzuku Ndogo ya Mfuko wa Mazingira wa Dunia, inayoendeshwa kupitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, tangu mwaka 1992, ililengwa tangu mwanzo kwa vikundi vya kijamii, na kwa miaka mingi kiwango chake cha kawaida hakikuzidi dola 50,000. Mfuko wa Hifadhi ya Milima ya Tao la Mashariki, wenye makao yake Morogoro na uliosajiliwa mwaka 2001, unahusika na Usambara yetu moja kwa moja; wenzetu wa Lushoto, Korogwe na Muheza wanaoishi kando ya misitu wana haki ya kuujua kama wanavyojua njia ya kwenda sokoni. Upo Mfuko wa Misitu Tanzania, uliotokana na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Kwa masuala ya utawala bora na ushiriki wa wananchi ipo Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam, iliyoundwa mwaka 2002 kwa ajili ya asasi za Tanzania, na kwa masuala ya wanawake upo Mfuko wa Wanawake Tanzania. Matangazo ya mifuko hii husomwa bure. Hata kwa anayetaka kuomba fedha za serikali ya Marekani zilizobaki, kama zile za ubalozi, namba ya utambulisho inayotolewa na SAM.gov, mfumo wa mtandaoni wa serikali hiyo wa kusajili waombaji, tangu Aprili 2022 haina malipo yoyote, ingawa nimeonyeshwa na mwenzangu mmoja ujumbe wa mtu aliyemtaka shilingi 250,000 ili "amsaidie kuipata".

Niongeze hapa, kwa kuwa watu wengi huchanganya, kwamba ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, ni mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Inarejeshwa. Asasi isiyo ya kibiashara isiihesabu kama ruzuku katika mipango yake.

Kabla ya yote hayo mfadhili huangalia uhai wa asasi kisheria, na hapo tumekosa uangalifu. Cheti kinachotolewa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Namba 24 ya mwaka 2002, kwa marekebisho ya mwaka 2019 hudumu miaka kumi kisha huhuishwa, na sheria hiyo inataka taarifa ya kazi na ya hesabu kila mwaka. Kanuni za mwaka 2018 ziliongeza wajibu wa kuweka wazi fedha zinazozidi shilingi milioni 20 na kupeleka mkataba wake kwa Msajili wa mashirika hayo. Najua asasi iliyoshinda hatua zote za mchujo ikaangushwa na taarifa za miaka mitatu zisizopelekwa. Wako pia wanaoamini kwamba kwa kuwa asasi haigawani faida basi Mamlaka ya Mapato haiwahusu, wakati hadhi ya asasi ya hisani kwa ajili ya kodi ya mapato huombwa na kutolewa kwa uamuzi wa mamlaka hiyo, haiji yenyewe pamoja na cheti.

Sitatenda haki nikiwalaumu wenye asasi peke yao. Wafadhili nao wamelipalilia soko la madalali. Mfuko unaotangaza kwa Kiingereza pekee fedha zilizokusudiwa kwa mkulima wa mwani wa Mkinga unamlazimisha mkulima huyo atafute mkalimani kabla hajatafuta mbegu, na mkalimani ndiye atakayeshika bei. Tuna lugha inayozungumzwa na kuandikwa na taifa zima, ambayo Umoja wa Afrika umeiweka miongoni mwa lugha zake rasmi na UNESCO imeitengea siku yake, Julai 7. Sioni ugumu wa kuwa na mtu mmoja ofisini kwao wa kuisoma. Mifuko ya ndani imethibitisha kwamba inawezekana, nasi ni mashahidi.

Jambo la pili ni gharama za uendeshaji. Umoja wa Ulaya huruhusu hadi asilimia 7 kwa gharama zisizo za moja kwa moja, na kanuni za serikali ya Marekani zilipandisha kiwango ambacho asasi inaweza kukiomba bila mapatano maalumu kutoka asilimia 10 hadi 15 kuanzia Oktoba 2024. Wakubwa wanayajua haya na huyaandika katika bajeti zao. Wadogo hawaambiwi, na wengi huogopa hata kuomba kodi ya chumba cha ofisi wasije wakaonekana walafi. Matokeo yake mtunza vitabu hulipwa posho ya nauli kwa miezi sita ya mradi, mradi ukiisha anaondoka na kumbukumbu kichwani mwake, na mfadhili anayefuata anashangaa kwa nini asasi haina vitabu. Anayetaka hesabu safi alipe gharama ya kuzitunza.

Na ipo habari ya kalenda. Robo mwaka ya mfadhili haijui maji ya bamvua wala maji mafu, yasiyopwa sana. Mwani huchukua takribani majuma sita tangu kufungwa hadi kuvunwa, hufanyiwa kazi siku ambazo maji yanakupwa sana, na kaskazi huweza kuufuta. Katika ruzuku yetu tulitakiwa kuonyesha mavuno ya kwanza katika taarifa ya Machi. Tuliandika kwa Kiswahili chepesi kwamba Machi si mwezi wa kupimia mwani, tukaambatanisha ukurasa wa daftari, na mfuko ukakubali kusogeza tarehe hadi Juni. Walikubali kwa sababu ushahidi ulikuwapo. Dalali angewapa tarakimu waliyoitaka.

Wenye umri wangu wanaukumbuka mpango wa hifadhi na maendeleo ya ukanda wa pwani ya Tanga, ulioanza mwaka 1994 na kuendelea hadi 2007 kwa fedha za Ireland na msaada wa kitaalamu wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira. Ulikuja wakati baruti zikipasua miamba yetu usiku na mchana. Katika yote uliyoyafanya, mimi hukumbuka zaidi kwamba wavuvi wenyewe walifundishwa kuhesabu samaki na kupima hali ya matumbawe pamoja na maafisa wa wilaya, na hesabu hizo zikatumika katika kupanga maeneo ya kufungwa na kufunguliwa kwa uvuvi. Wavuvi wale hawakuwa na shahada. Walikuwa na kamba ya kupimia, ubao wa kuandikia majini na mtu aliyeamini wanachokiona. Baadhi yao bado wako hai, na sijaona asasi hata moja ya vijana wa mazingira ikienda kuwauliza walichoandika kabla ya kumlipa mtu wa mjini alete takwimu za pwani yetu.

Vilevile pwani hii ilijua kuendesha shughuli za umma kabla neno mfadhili halijazoeleka. Nyumba ya wakfu hupangishwa, kodi yake ikatunza msikiti, kisima au madrasa, na msimamizi wake huulizwa hesabu na watu anaokutana nao kila siku. Asasi yenye chumba kimoja cha kupangisha, au ada ya uanachama inayolipwa kweli, inaweza kusoma tangazo la ruzuku na kuliacha likiwa halifai. Isiyo na chochote italiomba hata kama ni la alizeti.

Kwa hiyo nina maombi, na ninayatoa nikijua wanaohusika husoma gazeti hili. Naiomba Halmashauri ya Jiji la Tanga, kupitia maafisa maendeleo ya jamii, itenge siku moja kila mwezi ya kukaa na asasi ndogo ili kupitia vitabu vyao, kabla ya tangazo lolote, na kuwasaidia kutuma taarifa za mwaka kwa Msajili kwa wakati. Naiomba maktaba yetu ya mkoa iweke faili la wazi la miongozo ya mifuko niliyoitaja, iliyochapishwa, kwa ajili ya wale wasio na kompyuta. Naomba mifuko itamke kwenye matangazo yake, kwa Kiswahili, kwamba andiko lililolipiwa kwa asilimia ya ruzuku halitapokelewa, na kwamba mwombaji ataulizwa maswali juu ya andiko lake akiwa mbele ya watu anaowahudumia.

Nawe Ndugu Mhariri nakuomba safu ndogo, hata ya robo ukurasa kila juma, ya kutangaza kwa Kiswahili ruzuku zilizo wazi: nani anatoa, analipia nini, halipii nini, na mwisho wa kupokea maombi ni lini. Habari za mpira mnazipa kurasa tatu, na sina kinyongo nazo. Mimi na katibu wetu tuko tayari kufanya kazi ya kuzikusanya na kuzifasiri habari hizo bila malipo, na kuzileta ofisini kwenu kila Jumatano. Jumatano ijayo tutachelewa kidogo, kwa kuwa maji ya bamvua yanaanza Jumanne na kuna kamba 112 za kupimwa.

Wako,
Mweka hazina wa asasi ya kijamii,
Makorora, Tanga